Nta ya kijiti ya kamba ya upinde: nzuri, ila isikudanganye

Nianze na kitu chenyewe. Hii nta inakuja kwenye kijiti cha plastiki kama zile za kupaka midomo, unazungusha chini inapanda, unapaka, unafunika, unaitupa kwenye mfuko wa mishale. Ni nta ya nyuki iliyochanganywa na silikoni, haina harufu ya ajabu na hainati sana vidoleni. Naitumia kwenye upinde wangu wa rikavu (ule ambao ncha zake zimejikunja kwenda mbele) wenye kamba ya Dacron, yaani uzi wa polyesta unaovutika kidogo, na nimeipaka pia kwenye kamba ya jamaa ninayepiga naye, ya Dyneema, uzi mwingine wa plastiki ambao hauvutiki, kote imekubali. Kamba iliyoanza kuota vimanyoya inatulia, nyuzi zinashikana tena, na mvua ikipita kidogo maji yanateleza badala ya kuzama ndani.

Sasa shida inaanzia hapo kwenye vimanyoya, manake watu wengi wakiviona tu wanakimbilia nta, wanapaka mpaka kamba inang'aa alafu wiki ijayo vimerudi palepale. Angalia kwanza vimeota wapi. Vikiwa karibu na vitanzi vya juu na chini, mara nyingi mfereji wa ncha ya upinde una ukingo mkali na ndio unaokula kamba. Vikiwa upande mmoja tu pale kamba inapolala juu ya mkono wa upinde (ule ubao unaopinda, mmoja juu ya mshiko na mmoja chini), chungulia ukiwa nyuma ya upinde uone kama kamba inapita katikati ya mikono yote miwili, ikiegemea upande basi mkono umejipinda au haujakaa vizuri kwenye mshiko. Na vikiwa pale inapopiga kinga ya mkono wako, hapo ni mkao wako wa kushika upinde, hakuna nta ya kusaidia.

Kuhusu ncha kuna kipimo rahisi sana na sijui kwa nini hawakiandiki kwenye hivi vifaa. Toa kamba, chukua pamba kidogo, ipitishe taratibu kwenye mifereji ya ncha zote mbili, pembeni na ndani kule kitanzi kinapokaa. Jicho linaweza lisione kitu kabisa ila pamba ikinasa na kuacha nyuzi nyeupe ujue ndo hapo hapo. Msasa laini, kuanzia namba 600, unasugua kidogo tu kuua ule ukali bila kuchimba mfereji, unafuta vumbi, unarudia pamba mpaka ipite bila kunasa. Ukikuta ufa au tabaka zimeanza kuachana usisugue chochote, mpelekee fundi.

Tukirudi kwenye nta, kupaka kwenyewe. Kamba ikiwa chafu usipake juu ya uchafu, ile nta ya zamani imeshakamata mchanga na ukiongeza nyingine unausukumia ndani katikati ya nyuzi. Chukua uzi mwembamba, uzungushe kamba mara moja, shika ncha zake mbili na uvute kuelekea chini, utaona uji mweusi unatoka. Ndo unapaka sasa, kidogo, alafu unasugua kwa vidole au kipande cha ngozi mpaka isikie vuguvugu na iingie ndani. Vuguvugu inatosha jamani, hasa kwa Dyneema, ile haipendi joto, usisugue kama unatafuta moto.

Malalamiko yangu makubwa ni maelezo ya kwenye karatasi. Wameandika upake kamba yote kutoka kitanzi mpaka kitanzi. Hapana! Pale katikati kwenye sevingi, yaani ule uzi uliozungushiwa kamba mahali unapochomeka mshale, usipake. Panakuwa pananata, noki, yaani kile kipande cha mkiani mwa mshale kinachoshika kamba, inashika vumbi, na kile kingozi cha vidole hakiachii vizuri. Kama sevingi inaliwa haraka, jaribu hivi: chomeka mshale, elekeza upinde ili mshale uning'inie ukitazama chini, gonga kamba kidogo kwa kidole. Unatakiwa udondoke. Ukigoma, noki inabana sana na kila mshale unasugua sevingi, kwahiyo badilisha noki au funga sevingi nyembamba zaidi.

Malalamiko madogo: kifuniko kinalegea, na ukiiacha kwenye gari juani inalainika na kuchafua mfuko. Ila hata upinde wenyewe usingetakiwa kuachwa huko.

Kitu kingine, kamba mpya ya Dacron inavutika siku za mwanzo, kwahiyo ile nafasi kati ya kamba na sehemu ya ndani kabisa ya mshiko inapungua, kamba inaanza kukuchapa mkono na kupiga kelele na mtu anadhani nta haifanyi kazi. Pima kwa rula ya T. Upinde wa inchi 68 wengi wanauweka kwenye inchi 8 na nusu hivi au zaidi kidogo, lakini fuata namba ya mtengenezaji wako. Ikiwa imeshuka, toa kamba, izungushe mizunguko kadhaa kuelekea ule upande iliosokotwa, rudisha, pima tena. Na kupandisha kamba tumia stringa, yaani kamba ya kusaidia kuupinda upinde wakati wa kuuvisha kamba yake, manake ile njia ya kupitisha mguu katikati ya upinde ndiyo inayopinda mikono yake, tunarudi kulekule kwa kamba kuegemea.

Wenye pinde za mbao za zamani ambazo ncha zake hazijaimarishwa, bakini na Dacron tu. Dyneema haivutiki, mshtuko wote unaishia kwenye ncha na zinaweza kupasuka.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya karatasi. Ukikuta uzi hata mmoja umekatika usinunue hii kitu, nunua kamba, na hivyo hivyo kama kuna mtu kafyatua upinde wako bila mshale: kagua kwanza vitanzi, ncha na mikono kabla hujavuta tena.