Mshumaa wa masikio, matone, vidonge vya ginkgo: nimejaribu vyote, mlio bado upo

Mimi nina mashine ya kusaga na kukoboa, mwaka wa kumi na moja huu, zile kelele mnazijua, pale mteja unaongea nae kwa ishara. Mwaka jana masikio yakaanza kulia nyiiii, mchana sina habari nayo ila usiku nikizima taa ndo unapanda, mke kalala mimi nahesabu mabati.

Nikaanzia saluni moja mjini wanachoma mishumaa ya masikio, elfu thelathini pande zote mbili. Unalala ubavu wanakuchomeka mshumaa wenye tundu katikati kama mrija, wanawasha juu eti moshi unavuta uchafu, wakimaliza wanaupasua wanakuonyesha takataka ya kahawia, "ona kaka ulivyokuwa umebeba". Nikaamini hadi nikanunua miwili ya kwenda nayo home. Sasa siku moja nikawasha mmoja juu ya glasi tupu, hamna sikio la mtu hapo, nikaupasua, takataka ile ile! Kumbe ni nta ya mshumaa wenyewe jamani. Na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishaonya tangu 2010 kwamba inaunguza watu na kuziba masikio, na mimi ni shahidi maana daktari baadae alinitoa kidonge cha nta kimegandia ndani. Nyota sifuri.

Matone ya mitishamba nikaagiza mtandaoni, elfu arobaini na tano, chupa haina orodha ya vilivyomo wala namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania. Yanawasha balaa. Kama ngoma ya sikio ina tundu kitu kama hicho kinapita moja kwa moja hadi ndani, hilo muuzaji hasemi.

Vidonge vya ginkgo, vya majani ya mti mmoja wa China, nimemeza miezi miwili, mlio ule ule. Nimekuja kusoma madaktari wa masikio wa Marekani kwenye mwongozo wao wa 2014 walishasema ginkgo, zinki na melatonini wasishauriwe watu kwa ajili ya mlio. Tena ginkgo na dawa za kulainisha damu haviendani, unaweza kuvuja damu, baba mkwe anakunywa warfarini na alikuwa ameshaniomba kopo moja, nikamnyima.

Mwisho nikaenda kwa daktari wa masikio, na hapa hela yangu siijutii. Kachungulia, kauliza dawa nilizowahi kutumia, kwinini, sindano za gentamaisini, aspirini nyingi, maana hizo zinaweza kuleta mlio (ila usikatishe dozi mwenyewe, muulize aliyekuandikia). Halafu kipimo cha kusikia, unakaa kwenye kichumba kimya na hedifoni unabonyeza ukisikia. Sauti nyembamba zimeshuka masikio yote, mashine hiyo. Akaniambia ukweli bila kunizungusha, dawa ya kuukata huo mlio haipo, kuna shimesikio (kile kifaa cha sikioni cha kukuza sauti), kuna sauti ya chinichini usiku, kuna tiba ya mazungumzo ya CBT ambayo mlio hauondoki ila ule usumbufu wake unapungua, na ndo yenye ushahidi mzuri zaidi. Nikamuuliza Lenire, ile ya Ireland inayokupa sauti masikioni na umeme kidogo kwenye ulimi, FDA waliiruhusu 2023, akacheka, bei yake maelfu ya dola.

Shimesikio nimevaa pale kliniki nusu saa, mlio ukarudi nyuma kabisa, bado nachanga. Kwa sasa usiku redio sauti ya chini na feni, kazini navaa vizuia kelele, napata usingizi wangu wa masaa sita. Nyota nne, moja nimekata kwa foleni. Alisema pia mlio wa sikio moja tu, au unaodunda na mapigo ya moyo, usikae nao nyumbani, na sikio likiziba kusikia ghafla nenda siku hiyo hiyo.

Yule wa matone nimemtumia meseji kwamba haijasaidia, kajibu bosi hujamaliza dozi, kuna chupa ya pili.