Miezi mitano na Unbound: seva ya DNS kwenye kompyuta kuukuu

Kompyuta moja kuukuu ya ofisi yetu, yenye RAM ya GB 2 na mfumo endeshi wa Debian 12, ina kazi moja tu kwa miezi mitano sasa: kujibu maswali ya DNS (mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake ya namba) ya mashine kumi na nne kwa kutumia Unbound, programu huria ya NLnet Labs ya Uholanzi. Awali kila swali lilikwenda kwa mtoa huduma wetu wa intaneti, na asubuhi, watu wote wanapofungua barua pepe kwa pamoja, kurasa zilichelewa hata kuanza kufunguka.

Kuisakinisha ni amri moja ya apt, kisakinishi cha programu cha Debian. Panapohitaji utulivu ni kwenye faili la mipangilio, kwa sababu Unbound ikiachwa ilivyo husikiliza kwenye kompyuta yenyewe pekee (127.0.0.1 na ::1); ni lazima uitajie anwani nyingine kwa mstari wa interface, kisha uuruhusu mtandao wako kwa access-control, na anayesahau hilo la pili ataona REFUSED (swali limekataliwa) mpaka achoke. Niliongeza prefetch: yes, ili majibu ya majina yanayoulizwa mara kwa mara, ambayo Unbound huyahifadhi kwa muda, yahuishwe kabla muda huo haujaisha. Amri ya unbound-checkconf hukuonyesha mstari wenye kosa kabla hujaiwasha upya huduma.

Nilipopima kwa dig, programu ya kuuliza DNS, jina lililochukua milisekunde 212 mara ya kwanza lilirudi kwa 0 mara ya pili. Kasi ya kupakua mafaili haikubadilika, wala haikupaswa kubadilika.

Tatizo lilikuja na umeme. Ulikatika usiku, na kwa kuwa betri ya saa ya kompyuta ile ilikwisha kufa, mashine iliamka ikiwa na tarehe ya zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Unbound hukagua saini za DNSSEC, zinazothibitisha kuwa jibu la DNS halijaghushiwa, na saini ambayo tarehe yake ya kuanza haijafika huikataa, hivyo kila jina likajibiwa SERVFAIL (seva imeshindwa). Nayo programu ya kurekebisha saa ikashindwa kuipata seva yake ya NTP (inayotoa saa sahihi kupitia mtandao), kwa kuwa nilikuwa nimeiandika kwa jina, nalo lilihitaji DNS ileile. Asubuhi nzima tuliilaumu ruta bure. Niliweka betri mpya ya CR2032 na kuongeza seva moja ya NTP kwa namba yake ya IP, na tangu hapo umeme umekatika mara kadhaa bila tatizo hilo kurudi.

Kwa nyumba yenye simu tatu ningechagua dnsmasq, programu nyingine ya DNS ambayo ni nyepesi na pia huvigawia vifaa anwani za mtandao (DHCP). Kwa ofisi kama yetu, Unbound inabaki.