TAHADHARI: Kuna tapeli anauza safari za shule kwenda Oldupai na Laetoli kwa bei ya chini. Sisi tumeshapigwa

Ndugu zangu wa Moshi na Arusha, hasa walimu wenzangu wa Historia na wazazi wenye watoto wa sekondari, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba msome mpaka mwisho kisha mumtumie kila mwalimu mnayemfahamu, maana huyu mtu bado yuko kazini. Jana jioni ameweka tangazo jipya. Picha ni zilezile, jina la kampuni ndilo limebadilika.

Jina lake siliandiki. Suala liko polisi, na hata hayo majina anayotumia ni ya kuazima, kwa hiyo nikikutajia moja utajihadhari na hilo, yeye atakufuata na jingine. Nitaeleza namna anavyofanya kazi, kwa kuwa hiyo haibadilishi.

Mimi nafundisha Historia katika shule moja ya sekondari hapa Moshi. Kwa miaka 11 nimefundisha chimbuko la binadamu kwa chaki na ubao: Mary Leakey, tarehe 17 Julai 1959, fuvu la Zinjanthropus, miaka milioni 1.75. Watoto wanakariri, wanajibu mtihani, wanasahau. Mwaka huu klabu yetu ya Historia ikaamua twende Oldupai, bonde lilipookotwa fuvu hilo, tukaone wenyewe. Wapo watoto waliouza karanga wakati wa mapumziko ili wafikishe mchango. Mzazi mmoja, bibi anayelea wajukuu wawili, aliniletea 48,000 akiwa amezifunga kwenye pindo la kitenge, noti za elfu mbili mbili na elfu moja moja, akanihesabia mezani moja baada ya nyingine. Hizo ndizo hela ninazozizungumzia hapa.

Tangazo tulilipata kwenye kundi la walimu la WhatsApp. Safari ya siku moja kutoka Moshi, usafiri, viingilio, chakula cha mchana na mwongozaji, 48,000 kwa mwanafunzi, walimu bure. Kwenye picha imeandikwa watoto "watashika nyayo halisi za Laetoli na kuona fuvu halisi la Zinj". Laetoli ni mahali penye nyayo za kale za jamii ya binadamu, na Zinj ni hilo fuvu la Zinjanthropus. Hapo ndipo nilipaswa kusimama. Fuvu halisi liko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, na darasani nimelisema hilo mara nyingi. Lakini nikajiambia haya ni maneno ya matangazo tu, mfanyabiashara huongeza chumvi. Nawaomba radhi wazazi kwa hilo, na nimewaambia uso kwa uso.

Kwenye simu ni mtu mpole kupita kiasi. "Madamu, watoto wa shule ni sadaka yangu, hapo sitafuti faida." Nilipouliza leseni alinitumia picha ya leseni ya TALA, ile ya mawakala wa utalii. Nilipoomba namba ya akaunti ya kampuni akasema benki inachelewesha, nitume kwa simu ili awahi "kubuku" geti. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, akasema ni mhasibu wake. Nikatuma 900,000, na siku mbili kabla ya safari nikamalizia 588,000. Jumla 1,488,000, wanafunzi 31.

Jumamosi saa kumi alfajiri Coaster ikaja kweli. Hapa ndipo alipotuweza, kwa sababu wengi tunadhani tapeli ni yule anayechukua hela na kupotea. Huyu alileta gari na kijana mwenye fulana ya kaki na kofia, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Tukapita Arusha kabla ya jua kupanda, tukakata Makuyuni, Mto wa Mbu, tukapanda ukuta wa Bonde la Ufa watoto wakiimba. Saa tano kasoro tuko geti la Lodoare, la kuingilia Hifadhi ya Ngorongoro.

Kijana akashuka na karatasi. Askari wa geti akaiangalia, akaingiza namba kwenye mfumo, akamrudishia. Namba ilikuwa imeshatumika mwezi uliopita, na ilikuwa ya malipo ya watu wawili. Nilisimama pale dirishani nikaisoma kwa macho yangu: watu wawili, gari moja. Sisi tulikuwa 34 na walimu.

Nikampigia mwenye safari. Kwanza akasema mtandao wa geti uko chini, halafu akasema anamtuma mtu, halafu simu haikupatikana tena. Tulikaa pale mpaka saa saba. Chakula cha mchana hakikuwepo kwenye gari. Watoto waligawana maandazi waliyotoka nayo nyumbani, na nyani wa pale getini walimnyang'anya mtoto mmoja fungu lake lote.

Kilichofuata ndicho kinachonikosesha usingizi. Yule kijana alirudi kwenye gari akiwa amechangamka, akatangaza kwamba lipo eneo la pili la bonde hilohilo la Oldupai, liko nje ya hifadhi, halina kiingilio. Tukashuka tena Karatu, tukarudi Mto wa Mbu, na kabla ya kufika Makuyuni akamwambia dereva aingie kushoto kwenye njia ya mifugo. Tukasimama kwenye korongo la mmomonyoko, la kina kama cha nyumba moja, lina kinyesi cha mbuzi na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye miiba. Akawapanga watoto ukingoni, akaanza: "Hapa ndipo mama Leakey alipookota fuvu la Zinj."

Wanafunzi wangu walikuwa wanaandika kwenye madaftari. Wanaandika! Mimi mwenyewe sijawahi kufika Oldupai, na kwa dakika chache nilisita, nikijiuliza labda. Msichana mmoja wa kidato cha pili ndiye aliyenigeukia akauliza kwa sauti ya chini, "Madamu, makumbusho iko wapi? Na zile tabaka za rangi tofauti?" Nikatazama ukuta wa lile korongo. Udongo wa rangi moja kutoka juu hadi chini.

Wakati huohuo kijana alikuwa ameshaanza kuuza mawe. Ametoa mfuko, anawaambia watoto ni zana za mwanzo za mawe, 3,000 kila moja, wapeleke nyumbani kama ukumbusho. Nikachukua moja kutoka mkononi mwa mwanafunzi. Lilikuwa jiwe la kawaida lililopasuliwa upande mmoja, na pale lilipopasuka palikuwa na unga mweupe, ukabaki kwenye vidole vyangu nilipopangusa. Jiwe lililogongwa juzi au jana. Nikawaambia watoto wafunge madaftari na warudishe mawe yote.

Ningependa kila mzazi ajue na hili: hata kama lingekuwa la kweli, kuliuza ni kosa. Nchi hii ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, na huruhusiwi kuchimba wala kuuza wala kuondoka na masalia bila kibali. Mwongozaji anayempa mtoto wako "zana ya kale" aweke mfukoni ama ni mwongo, ama anamwingiza mtoto kwenye kesi.

Kijana alishukia Makuyuni, akasema anafuata mtandao wa simu, hakurudi. Tukabaki na dereva. Kumbe naye kapigwa. Alikodiwa kwa ahadi ya malipo kamili tukifika geti, mkononi alikuwa na 150,000 tu, na mafuta yote aliweka yeye. Kaka huyu angeweza kutuacha barabarani. Aliturudisha Moshi mpaka mlango wa shule, saa nne usiku, akasema tutazungumza. Tunachangishana kumlipa na nitahakikisha analipwa.

Sasa haya ndiyo yangetuokoa. Huyu mtu anaishi kwa sababu wengi wetu tunazijua sehemu hizi kwa jina tu.

Nyayo za Laetoli hakuna mtalii anayezishika. Ziligunduliwa mwaka 1978, zina miaka kama milioni 3.66, na zilifukiwa tena kwa makusudi ili zisiharibiwe na mvua wala mizizi ya miti. Laetoli yenyewe iko kama kilomita 45 kusini mwa Oldupai. Unachoonyeshwa ni nakala, na nakala ya nyayo hizo iko kwenye makumbusho ya Oldupai, ile mpya iliyofunguliwa 2017. Mtu akikuahidi nyayo halisi, mwache palepale.

Na Oldupai huwezi kuifikia kutoka huku kwetu bila kupita geti la Lodoare. Iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Ukishapita geti unazunguka ukingo wa kreta, unateremka kuelekea Serengeti, na kwenye njia panda ya kuingilia kuna mafuvu mawili makubwa ya kujengwa juu ya msingi, huwezi kuyapita bila kuyaona. Kutoka makumbusho unaangalia chini kwenye bonde, tabaka kwa tabaka, na nguzo ya udongo mwekundu imesimama peke yake katikati. Kama hivyo vyote havipo, basi haupo Oldupai.

Baada ya kuandika kwenye kundi letu, mama mmoja wa Sakina alinipigia. Jumuiya yao ililipa kwa mtu mwenye sauti na maneno yaleyale, safari ya michoro ya miambani ya Kondoa pamoja na magofu ya Engaruka, siku moja, kutoka Arusha. Hebu fikiri barabara. Ukifika Makuyuni, kwenda Kolo, kijiji cha kuanzia kwenda kwenye michoro, unafuata barabara ya Babati na kuendelea kuelekea Kondoa. Engaruka ni upande mwingine kabisa, unakwenda Mto wa Mbu halafu unakata kaskazini chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, njia ya Ziwa Natron. Na Kolo michoro haiko barabarani: unaandikishwa kwanza kijijini, unapewa mwongozaji wa pale, halafu kuna kupanda mlima kwa miguu. Kwa siku moja hilo halipo. Wao gari halikuja kabisa.

Kuhusu hela: viingilio vya Ngorongoro hulipwa serikalini kwa kumbukumbu namba, ile ndefu inayoanza na 99, ambayo mtaani tunaiita kontrol namba. Haiendi kwenye simu ya mhasibu wa mtu. Mwambie mwenye safari akutumie namba yenye idadi ya watu wenu na tarehe yenu, muilipe wenyewe, risiti ibaki kwenu. Kampuni ya kweli haikasiriki. Mimi sikuomba, na huyu angekimbia siku hiyohiyo. Ukitaka uhakika zaidi, Mamlaka ya Ngorongoro ina ofisi Arusha mjini, nenda ukaulize, viwango vya Mtanzania na vya mtoto watakuambia. Nilipopata bei ya kweli nikapiga hesabu ya mafuta ya Coaster kwenda na kurudi, ndipo nikaona kwamba kwa 48,000 kila kitu ndani, pamoja na chakula, haikuwa rahisi kutoka.

Leseni msiridhike na picha. Ile aliyonitumia, nilipoikuza kwenye kompyuta ya ofisi, jina la kampuni lilikuwa na herufi nene kuliko maneno mengine yote, na mstari wa fomu ulikuwa umekatika chini yake. Jina la kampuni linatafutika mtandaoni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mimi nilitafuta Jumapili, nikiwa nimeshachelewa, na halikuwepo.

Tumefungua jalada, nina RB, na namba alizotumia nimezikabidhi pamoja na miamala yote. Jiwe moja nililibakiza kama kielelezo, nalo liko polisi. Kama na wewe umelipa, usikae kimya kwa aibu. Nenda kituoni na ujumbe wa muamala, Arusha kipo kituo cha polisi cha utalii na diplomasia. Namba ya tapeli itume pia kwenye 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Wanafunzi nimewaahidi jambo moja dogo ninaloliweza kwa sasa. Jumamosi ijayo tunakwenda Arusha kwa basi la kawaida, kwenye makumbusho ya elimu viumbe pale Boma la Wajerumani, wana maonyesho ya chimbuko la binadamu. Ukurasa walioandika kule korongoni tumeukata kwenye madaftari kwa mstari mwekundu, tukaandika upya.

Wazazi mliochangia: kikao ni Jumatano saa tisa alasiri, bwalo la shule. Nitakuja na orodha ya michango, ujumbe wa miamala na nakala ya RB. Bibi wa wajukuu wawili, kama unasomewa hii, usipande daladala. Nitakuja mwenyewe nyumbani.