Shiraz ya Blue Pyrenees kwa mbuzi wa kuchoma

Hii ni waini nyekundu kavu, ya zabibu ziitwazo Shiraz. Kama umezoea zile tamu zinazomiminwa kwenye sendofu hapa Moshi, funda la kwanza litakushtua. Usiisukume pembeni, subiri nyama ifike mezani.

Shamba la Blue Pyrenees liko karibu na mji mdogo wa Avoca, jimbo la Victoria, Australia. Rémy Martin, wale Wafaransa wa konyaki, walikuwa miongoni mwa walioanzisha mwaka 1963, wakikusudia kutengeneza brandi. Baadaye wakageukia waini, zikiwemo za mapovu zinazochachushwa mara ya pili ndani ya chupa kama wafanyavyo kule Champagne, Ufaransa. Wafaransa hao walishauza, lakini mimi mkono wao bado nauonja: waini imetulia, haina sukari ya kufichia kitu wala ule ukali wa kilevi unaopanda puani.

Mdogo wangu anayesoma Melbourne ndiye aliyetuletea, tukaifungua Krismasi nyumbani Marangu. Nilinusa zambarau zilizoiva, pilipili manga, halafu mkaratusi. Mkaratusi kabisa, kama jani ulilolifikicha viganjani. Baba mkwe, ambaye hanywi kitu zaidi ya mbege, aliinusa akauliza, "Mama Neema, humu wametia dawa?"

Hapana, baba. Kule mikaratusi ni miti ya asili. Ikiwa karibu na mizabibu, mafuta yake hupeperuka na kutua kwenye zabibu, na kwa kuwa waini nyekundu huchachuka pamoja na maganda, harufu inafika hadi kwenye glasi. Kwangu hilo ndilo tamu kuliko yote katika chupa hii. Ubavu wa mbuzi wenye mafuta, ukishushia na funda moja, ulimi unasafika na ladha ya nyama inabaki palepale. Kwa kiburu, zile ndizi na maharage zetu, haiendi.

Ipoze kwenye friji kama nusu saa. Kwa joto la Moshi mchana, isipopozwa utasikia kilevi tu.

Na ukinunua waini yoyote nyekundu, tazama kwanza ilikokaa. Kuna duka hapa mjini wanazipanga dirishani, jua linazipiga kutwa. Niliyonunua pale, ya shamba jingine, ilikuwa na ladha ya matunda yaliyochemshwa, nikaimwaga. Inauma, maana chupa hizi si bei rahisi.

Ile ya mapovu ya Blue Pyrenees tuliinywa mkesha wa mwaka mpya, nzuri. Ila niliyomwagiza mdogo wangu tena ni Shiraz.