Eurail Global Pass kwa ndugu na marafiki: nzuri, ila pasi si kiti

Kwa kundi lisiloishi Ulaya linalotaka kuzunguka huko majira ya joto, pasi hii, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi, hutumika katika nchi 33. Wenye miaka 12 hadi 27 hupata bei ya vijana. Wadogo wa miaka 4 hadi 11 husafiri bure na mtu mzima, lakini nao lazima wawe na pasi yao.

Tatizo ni viti. Treni za mwendo kasi, kama TGV za Ufaransa na Eurostar ya kwenda London, hazikubali pasi peke yake: nafasi ya kiti hulipiwa kando, na zile za wenye pasi zina kikomo. Julai na Agosti huisha mapema, kundi likajikuta limegawanyika treni mbili. Wekeni nafasi zote kwa pamoja, kabla hata ya kulipia malazi. Ujerumani treni nyingi hazidai nafasi, na huko ndiko pasi inakolipa hasa.

Pasi ya siku 7 za kusafiri ndani ya mwezi 1 inatosha wengi. Treni ya usiku huhesabiwa siku ya kuondoka tu, mradi hambadilishi treni baada ya saa sita usiku. Kila mmoja aingize safari kwenye pasi ya simu yake kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi anaweza kumtoza faini.