Kutafuta jazi usiyoijua: jalada la santuri au programu ya simu?

Mpenzi wa jazi hapa Mombasa ana njia mbili: kuiachia programu ya simu imchagulie, au kufuata majina yaliyoandikwa nyuma ya jalada la santuri.

Programu ni rahisi. Bando likiwepo, unasikiliza hata ukingojea feri Likoni. Lakini hutazama ulichokipenda jana, kisha hukuletea kinachofanana nacho. Mwezi unaisha, masikio yako bado yapo palepale.

Jalada hukupeleka mbali. Chukua rekodi za mpiga piano Thelonious Monk za mwaka 1958, zilizonaswa katika klabu ya Five Spot, New York. Soma majina: saksafoni ni Johnny Griffin, besi ni Ahmed Abdul-Malik. Mfuate huyo mpiga besi, utafika kwenye Jazz Sahara, albamu yake ya mwaka huohuo. Humo anapiga udi, Griffin yupo na saksafoni yake, na ganuni, ala ya nyuzi ya taarab, inawaitikia. Kwa sikio lililolelewa na taarab, huo si ugeni hata kidogo! Programu yangu haijawahi kunipendekezea albamu hiyo.

Ni kweli santuri ni ghali, na unyevu wa pwani huyaotesha majalada ukungu. Upande mmoja nao huchukua kama dakika 20 tu. Ila dakika hizo unazisikiliza zote, bila kidole kuruka wimbo. Mimi nachagua jalada. Simu naitumia kutafuta rekodi nikishalipata jina.