Seva yako ya Minecraft inakwama? Usikimbilie RAM

Mchezaji anavunja jiwe, jiwe linarudi mahali pake. Wengi wetu tukisikia malalamiko hayo tunaongeza RAM. Nami niliongeza, kutoka GB 8 hadi 32, na jioni ile ile, watu 9 wakiwa ndani, ng'ombe walikuwa bado wanatembea kwa kushtukashtuka. Nikaandika /tick query, amri iliyopo tangu toleo la 1.20.3, inayoonyesha seva inatumia muda gani kwa kila pigo (tick), yaani mzunguko mmoja wa kazi ya mchezo. Wastani ulikuwa milisekunde 71.

Minecraft hupiga mapigo 20 kwa sekunde, kwa hiyo kila pigo lina milisekunde 50 tu. Sehemu kubwa ya kazi ya pigo hilo, kuanzia wanyama na mazao hadi redstone (nyaya na mitambo ya ndani ya mchezo), huangukia kiini kimoja cha prosesa. Mashine yangu ilikuwa ya ofisini, iliyotumika, ya viini 16: kimoja kilikuwa hoi, 15 vimekaa tu.

Kwa hiyo ukiwa na fedha ya kitu kimoja, nunua prosesa yenye kiini chenye kasi. Ningechagua Ryzen 5 5600: viini 6, na kwa kundi la marafiki inatosha kabisa. Angalia tu, haina grafiki ya ndani, kwa hiyo utahitaji kadi ya grafiki ili uone kitu kwenye skrini. Mwenye uwezo zaidi achukue Ryzen 7 7800X3D. Kashe yake (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 96 inaisaidia sana kazi ya aina hii, ila inadai ubao mama wa AM5 na RAM ya DDR5, na hapo gharama hupanda haraka.

Ya pili ni SSD, diski isiyozunguka. Kwenye diski ya kuzunguka, seva hukwama watu wakitawanyika pande nne za dunia ya mchezo. Iwe SSD ya aina ya NVMe au ya SATA, tofauti hutaihisi sana.

Ya tatu, UPS, betri ya akiba ya umeme. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi, dunia mliyoijenga miezi mingi inaweza kuharibika.

RAM naiweka ya nne: GB 16 kwenye mashine, 8 hadi 10 uipe seva. Mwisho kabisa, seva za zamani zenye viini vingi vya polepole. Bei inavutia, lakini ziache.

Na kabla hujatoa hata shilingi, fungua faili la mipangilio ya seva, server.properties, shusha view-distance (umbali ambao mchezaji anaonyeshwa dunia) kutoka 10 hadi 6, kisha upime tena.